Sakafu ya Kukhu

Mwanamume aliyekuja kuikokota trela ya Baba aliufungua mlango kwa bega, kwa sababu mlango ule haujafunguka kwa mkono tangu nilipokuwa mtoto, na harufu ikamlaki. Mbao zilizooza, panya, na chini kabisa, hafifu lakini bado ipo, sabuni ya unga. Yeye alikunja pua akasema kwa Kiingereza kwamba kitu hiki kimekwisha. Mimi nilishikilia mlango wa gari langu nikajikuta nina miaka tisa, nina ndoo mkononi, na nina hasira. Wenzangu tuliokulia huku Minneapolis, ukiwauliza utoto wao ulinukia nini, watakutajia chapati za Jumamosi na mafuta ya kujipaka ya mama zao. Wangu ulinuka chipbodi iliyolowa.

Ilikuwa trela ya kulala, ya aina ile ambayo shingo yake imeinuka ili ikae mgongoni mwa pikapu, kitanda kikiwa huko juu shingoni, na jiko, meza na choo huku chini. Ilikuwa nyepesi. Muuzaji alimsifia Baba wepesi huo mpaka Baba akaurudia nyumbani kama habari njema. Baadaye tulielewa kwamba wepesi maana yake ni kuta za ganda jembamba lililobandikwa kwenye povu gumu la plastiki, na sakafu ya chipbodi, yaani vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, unene wake kama kidole. Majirani zetu wa Brooklyn Center, pembeni mwa Minneapolis, walizikokota za kwao Ijumaa kwenda maziwani na kuzirudisha Jumapili. Yetu ililetwa na mtu wa kanisani mwenye pikapu, ikasimamishwa kwenye saruji kando ya nyumba, na haikuondoka hapo tena. Baba mwenyewe hakuwa na gari la kuikokota. Watoto wa mtaani waliniuliza tunakwenda nayo wapi.

Tulikuwa nayo kwa sababu Kukhu alikuwa anakuja. Ndivyo tulivyomwita nyanya yangu mzaa mama, aliyetoka Webuye, magharibi mwa Kenya, kuja kukaa nasi miezi sita. Kwetu Waluhya, mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Hawapeani mkono, hawali meza moja, na mkwe hathubutu kuingia mahali anapolala mama huyo. Hayo nayajua leo. Wakati ule hakuna aliyenieleza, maana watu wazima wa kwetu hudhani mtoto huzaliwa akiyajua. Mama aliniambia tu kwamba Kukhu atakuwa na nyumba yake hapo nje, na kwamba nitalala naye.

Kwa hiyo nilijieleza mwenyewe. Kule uwanja wa ndege nilimwona Baba, mtu anayemkumbatia hata mleta barua, akisimama hatua kumi kutoka kwa Kukhu na kusalimia sakafu. Kukhu naye alivuta leso hadi shavuni akaijibu mizigo. Garini alikataa kukaa mbele. Nyumbani, Baba alikuwa akisikia sauti yake jikoni, anageuka na kutokea mlango wa nyuma. Shuleni kwetu watoto wawili wasiotazamana walikuwa na sababu moja tu, na mimi niliichukua sababu hiyo nikawavisha wao. Niliamua kwamba Baba na Kukhu hawapendani, kwamba Baba amemweka nje ili asimwone, na kwamba anatafuta kisa kidogo tu amrudishe Kenya.

Na mimi sikutaka arudishwe. Baba na Mama walifanya kazi za kutunza wazee, shifti juu ya shifti, na walipokuwa nyumbani walikuwa wamelala au wanakwenda kulala. Kukhu alikuwa mtu mzima wa kwanza niliyemjua ambaye hakuwa amechoka. Alinisuka bila kutazama saa. Kiswahili hiki ninachokiandika nilikitoa kinywani mwake, kwa sababu kila nilipomjibu kwa Kiingereza alikuwa akisubiri, ananitazama kwa upole, mpaka nijaribu tena. Tulilala huko juu shingoni mwa trela, dari ikiwa karibu na pua zetu, na asubuhi tulishuka ngazi tatu kwenda kuosha nyumba.

Kuosha kwake kulikuwa na utaratibu. Kwanza tunatoa viti nje. Kisha mimi nakwenda kwenye bomba la ukutani nyuma ya nyumba, maana pampu ya trela ilikufa wiki ya kwanza, na kurudi na ndoo iliyojaa. Kukhu anatia sabuni ya unga, anaikoroga mpaka povu lisimame, anajifunga leso kiunoni, halafu anamwaga. Ndoo nzima, kwa mpigo mmoja, kama alivyomwaga maisha yake yote kwenye saruji ya nyumba yake. Kupangusa na kitambaa kibichi, alisema, ni kuuhamisha uchafu kutoka hapa kuupeleka pale. Tulisugua kwa fagio, yeye upande wa jiko, mimi upande wa choo, na maji tukayasukuma mlangoni.

Kando ya mlango, sakafuni, kulikuwa na wavu mdogo wa bati. Siku ya pili Kukhu aliugundua, akauinua, akaona shimo linaloingia gizani, akafurahi sana. "Hawa watu wana akili," aliniambia. "Wameweka mahali pa maji kutokea." Kuanzia hapo maji yote yalikwenda shimoni, na mimi nililipenda shimo lile kwa jinsi lilivyoyameza bila kelele. Lilikuwa tundu la kupitishia hewa ya moto wakati wa baridi. Maji yetu yalikuwa yakimiminika kwenye bomba la hewa, na kutoka hapo kwenye tumbo la trela, kati ya sakafu na ile plastiki iliyofunika upande wa chini.

Wiki ya tatu sakafu ilianza kubonyea. Ukikanyaga karibu na mlango unahisi kama umekanyaga mkate. Ukuta wa nje ukavimba pahali pamoja, lengelenge la ukubwa wa sahani, na mlango ukaanza kugoma. Kukhu aliutaja mlango tu kwa Mama, Mama akamwambia Baba, na Baba akachukua ngazi.

Nataka mnielewe vizuri hapa, kwa sababu ndipo upuuzi wote ulipo. Baba hakuweza kuingia. Mkwe haingii mahali anapolala mama mkwe, kwa hiyo fundi wetu alikuwa anatengeneza nyumba ambayo haruhusiwi kuiona ndani. Alitengeneza kwa nje, na kwa kuniuliza mimi. Alikuwa akitoka shifti ya usiku, hajalala, anasimama kwenye ngazi na bomba la silikoni ya kuzibia nyufa mkononi, ananiita nisimame chini yake. Ananiuliza kama ndani kumelowa. Ndiyo, namjibu, karibu na mlango. Kumelowa sana? Sana. Hapo anainua macho kutazama paa, na mimi nainua yangu nitazame anachokitazama.

Siku za mwanzo sikuwa nikificha kitu. Aliniuliza kama kumelowa, na kumelowa kweli. Sikudhani ya ndoo yanahesabiwa, kwa sababu maji uliyoyamwaga mwenyewe hayavuji. Alizungushia madirisha silikoni. Akabandika utepe wa mpira kwenye chumba kidogo cha ubavuni kinachosukumwa nje kwa mota, utepe ukashika usiku, na asubuhi mota ikaung'oa wote ukaning'inia kama utumbo. Akakaza skrubu za ukutani, nazo zikazunguka bure, kwa kuwa nyuma yake hapakuwa na ubao wa kuzishika, ni povu. Nilimsikia akiitukana ile trela kwa Kibukusu, lugha ya kwao, taratibu, kwa sauti ya mtu anayesali.

Kisha ikapita wiki nzima bila mvua. Baba aliniuliza swali lake, nikampa jibu langu, akakuna kichwa. "Na mvua haijanyesha," akasema. Hapo ndipo nilipoelewa. Nakumbuka hata nilipokuwa nimesimama, kwenye kivuli cha ngazi. Ni sisi. Ni Kukhu na mimi na ile ndoo. Kisa alichokuwa akikitafuta Baba nilikuwa nacho mimi mdomoni, na nikiufungua tu, Kukhu anapandishwa ndege. Nikaufunga.

Unaweza kuuliza kwa nini sikumwambia Kukhu aache. Nilijaribu. Nilimwambia labda leo tusioshe, akaniuliza kama nimewahi kuona nguruwe wanavyolala. Mambo yakaishia hapo.

Baba akaliendea paa kwa nguvu zote. Kwao Webuye paa la mabati likivuja unalipaka lami na shida inakwisha, kwa hiyo alinunua debe la lami dukani, akapanda na brashi, akapaka kuanzia shingoni hadi mkiani. Paa la trela si mabati. Ni utando wa mpira, na lami hula mpira. Siku chache baadaye utando ulikuwa umejikunja na kuvimba kama maziwa yanayoganda, na paa ambalo halikuwa likivuja likapata mahali pa kuvujia. Alikaa juu yake asubuhi nzima, suruali imeganda lami, bila kufanya lolote.

Baada ya hapo alinipa mopu mpya, ya nyuzi, pamoja na ndoo yake yenye kikamulio, akaniambia nimpelekee Kukhu. Kukhu aliipokea kwa mikono miwili. Aliniagiza nimshukuru mkwewe sana. Mopu akaisimamisha nyuma ya mlango, kama mtu anavyoweka zawadi isiyomfaa, na ndoo akaipenda. Kuanzia kesho yake tukaosha kwa ndoo mbili.

Wiki hiyo hiyo Baba alilala chali chini ya trela na kisu. Plastiki ya tumboni ilikuwa imeshuka karibu iguse saruji. Nilisikia maji yakimwagika, mengi, kwa muda mrefu, kisha akatoka akitambaa, shati limemganda kifuani. Alinukia sabuni ya Kukhu. Alisimama mbele yangu akipangusa macho, na alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama.

"Nekesa," alisema, "kuna kitu unataka kuniambia?"

Nilimwambia hapana, hakuna kitu, kwa Kiingereza, kama nilivyomjibu kila jambo. Alisubiri kidogo. Kisha akaenda kubadilisha shati, na siku iliyofuata akapanda tena paani kuiondoa lami kwa kukwaruza.

Alikuwa huko juu siku sakafu ilipokatika. Ilikuwa alasiri, Mama yuko kazini, mimi na Kukhu tumemaliza kuosha mara ya pili kwa sababu mgeni wa kanisani angepita. Kukhu alibeba sufuria, akakanyaga pale pa mkate, na mguu wake ukapita. Haukutoa mlio mkubwa, ni kama mtu amechana gunia. Alizama hadi katikati ya muundi, sufuria ikabingirika, na yeye akaketi vibaya kwenye maji yaliyobaki. Hakupiga kelele. Alivuta leso akajifunika uso.

Baba alishuka haraka hata ngazi ikaanguka. Alifika mlangoni na hapo akakwama, kiatu kimoja kwenye kipandio, mkono kwenye fremu, kana kwamba kuna kioo mbele yake. Mtu huyu usiku kucha alikuwa akiwageuza wazee wa watu vitandani, akiwaosha, akiwafunga vidonda. Sasa alikuwa anaongea na kitasa cha mlango.

"Mama, ni mimi. Mama Nekesa ako job. Niite ambulance, ama niingie?"

Kukhu akauliza, chini ya leso, "Huko kazini kwako, unashika wazee?"

"Nawashika, Mama."

"Hata wanawake?"

"Hata wanawake."

"Basi leo mimi ni wa kazini. Ingia."

Aliingia. Sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya simu za kazini, tulivu, inayosema kitakachofuata kabla hakijafuata. Alikata plastiki ya sakafu kuuzunguka mguu, akavunja chipbodi kwa vidole, na ilivunjika kama keki. Akautoa mguu, akaupapasa, akasema haujavunjika, umeteguka. Alipokuwa akiufunga nilimwona akitazama kando kwa mara ya kwanza. Wavu ulioinuliwa. Shimo. Ndoo mbili. Mopu yake, kavu, nyuma ya mlango. Alimbeba Kukhu mikononi hadi nje, akamweka kwenye kiti cha bustani, kisha akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko peke yake.

Jioni Mama alimsihi Kukhu alale sebuleni, kwenye kochi, siku moja tu. Kukhu alikataa. Hakulaumu mtu. Alisema tu kwamba mkwewe amekwisha mwona vya kutosha kwa siku moja. Binamu yake Mama, mjane wa Maple Grove, alikuja kumchukua, kwa kuwa nyumba isiyo na mume haina mkwe. Aliuguza huko mguu wake wiki tatu, nami nikipelekwa Jumapili tu baada ya kanisa. Kisha akaomba arudi kwake, miezi yake ikiwa hata nusu haijafika. Aliniambia amechoka kuwa mgeni.

Hakurudi tena. Mwaka wa kwanza ilikuwa magoti, uliofuata ilikuwa moyo, na nikiwa sekondari tulimzika kwa simu, Mama ameiegemeza kwenye chupa ya maji mezani, picha inakwama kila jeneza linaposogea. Miaka yote hiyo niliamini ni mimi. Nilinyamaza ili abaki, na kwa kunyamaza nikamvunjia sakafu. Hasira yangu ilitafuta pa kukaa ikakosa. Nilimkasirikia Baba, nikaikasirikia trela. Sikuthubutu kumkasirikia Kukhu, na hilo nalo lilinikasirisha.

Baba, vuli ile ile, aliing'oa sakafu yote. Aliweka plaiwudi nene, akaifunga kwa bolti, akaipaka rangi mara tatu. Ilikuwa imara kuliko sakafu ya nyumba yetu na hapakuwa na mtu wa kuikanyaga. Kisha paa, lile alilolipaka lami, likaanza kuvuja kweli, na plaiwudi nayo ikaoza polepole kutoka juu. Kila nilipomwambia aiuze, aliniambia bado kidogo, kuna kitu anataka kurekebisha.

Sasa pikapu ilikuwa imeinama chini ya shingo yake na yule mwanamume anafunga minyororo. Baba alisimama kando yangu, mikono mifukoni, mzee kuliko Kukhu alivyokuwa siku zile. Nilimwambia kuna jambo ambalo sikuwahi kumwambia, kuhusu maji.

"Ya sabuni?" akauliza.

Nilimgeukia. Yeye aliendelea kutazama minyororo.

"Sabuni haitoki kwa roof, Nekesa. Ile siku nilipasua tumbo ya trela, povu ilinimwagikia usoni. Nikakuuliza kama kuna kitu unataka kuniambia."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia Mama. Alimwambia, alisema, na Mama akajibu kwamba anatafuta sababu ya kumfukuza mamake. Nikamuuliza kwa nini basi hakumwambia Kukhu mwenyewe. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba nimemuuliza kwa nini hakuvua nguo kanisani. Yeye amwambie mama mkwe jinsi ya kuosha anapolala? Alifanya alichoweza. Alipoanza tu kushuku, kabla hata ya kupasua tumbo, alileta mopu.

"Ulileta mopu na ndoo, Baba."

"Nilijua," alisema. "Baadaye." Halafu akaongeza, "Nilikuwa nangoja wewe. Ungesema, ningepata pa kuanzia."

Watu wazima watatu, wenye akili zao, wanaosali, wanaolea wagonjwa, wote wamesimama wanangoja mtoto. Nilimwambia hivyo hivyo, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. "Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nadhani unamchukia. Nilinyamaza ili usimrudishe."

Yule mwanamume aliwasha pikapu, na trela ikatikisika kwa mara ya kwanza tangu ifike, ikiangusha vipande vya lami kavu.

"Kumchukia," Baba alisema. Alilirudia neno hilo taratibu, kama mtu anayesoma jina lake limeandikwa vibaya. "Sikuwa na ruhusa ya kuongea naye. Hiyo roof nilikuwa nakwaruza akiwa ndani, ndio asikie niko."

Trela ikatoka, ikapanda barabara, ikakunja kona na mkia wake ukining'inia. Mahali ilipokaa palibaki alama ndefu kwenye saruji, nyeusi ya kuvu na lami na kinyesi cha panya. Tuliitazama. Sikuwa nimeacha kukasirika, na hata leo sijaacha. Lakini nilikwenda nyuma ya nyumba kwenye bomba, nikajaza ndoo, nikaingia jikoni kwa Mama nikatoka na sabuni ya unga, nikaikoroga mpaka povu likasimama. Baba alikuwa amekwisha chukua fagio la gereji.

Nilianza kuyamwaga kidogo kidogo, kwa ukingo, kama tunavyofanya sisi wa huku.

"Mwaga yote," Baba alisema. "Hii ni saruji."